Pesa Kwanza au Mali Kwanza?

Anayeingia Marikiti akitokea Barabara ya Digo hupokewa na harufu kabla macho yake hayajazoea kiza cha ndani: iliki, mdalasini, bizari, karafuu, achari ya ndimu. Juu ya meza za viungo, kati ya mafungu na mizani, hakikosi kibao chenye tarakimu za Lipa na M-Pesa. Mteja aliyesimama hapo hana ugomvi na mwenye meza. Anaonja, wanapatana bei, anabonyeza simu, ujumbe unaingia, mfuko unamfikia mkononi. Pesa na mali hupishana papo kwa papo, na hakuna haja ya mmoja kumwambia mwenzake "tangulia wewe".

Shida huanza mteja akiwa Nakuru, Muscat au Toronto. Muuza mabuyu akituma mzigo kwanza, huenda asilipwe. Mnunuzi akituma pesa kwanza, huenda asione mzigo. Katika kisiwa cha Mombasa swali hili ni la zamani kuliko simu, kuliko benki, kuliko hata jengo lenyewe la soko, ambalo Waingereza walilijenga na kuliita Mackinnon Market. Kila kizazi kilimpata mtu wa kati wa kulijibu, na kila mtu wa kati alidai ujira wake. Ukiufuata ujira huo tangu enzi za majahazi hadi enzi za mnada wa mtandaoni, unaelewa kwa nini muuzaji mdogo wa Mji wa Kale anauza namna anavyouza leo.

Enzi za majahazi saa ya biashara ilikuwa upepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kuanzia mwezi wa Desemba. Kusi ikivuma vilirudi kwao vikiwa na boriti za mikoko, nafaka na pembe. Mazulia na tende zilizoshushwa katika bandari ya kale zilikuwa na wiki kadhaa tu za kupata wateja, na deni lililoachwa lilisubiri mwaka mzima. Basi watu walitumia mali kauli: mchuuzi anapewa bidhaa kwa neno lake, anaziuza, kisha analeta fedha za mwenyewe na kubaki na faida. Asiyejulikana vizuri alitakiwa kutoa arubuni kwanza. Dhamana kubwa ilikuwa jina. Mtu aliyemdhulumu nahodha alijua kwamba kaskazi ijayo nahodha yule atatia nanga palepale, na habari itafika msikitini kabla ya alasiri.

Mali isiyoweza kungoja ilipelekwa mnadani. Dalali hakuwa na mali yake. Alikuwa na sauti na sifa. Alinadi, akapokea dau la juu, akahakikisha kitu kimekabidhiwa, akakata udalali na kumpa mwenye mali kilichobaki. Mpaka leo samaki na kuku hunadiwa hivyo katika soko la Darajani, Unguja, lililojengwa mwaka 1904. Lakini mnada wa pwani haufai kusimuliwa kwa fahari tupu. Udalali uleule na sauti ileile viliuza watu Zanzibar, hadi Sultani Barghash alipolazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa mwezi wa Juni 1873.

Fedha zenyewe zilikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na riale ya Maria Theresa, ambayo iliandikwa tarehe ya 1780 hata ikiwa imefuliwa miaka mia baadaye, na kulikuwa na rupia ya India pamoja na pesa zake za shaba, 64 kwa rupia moja. Aliyehofia kusafiri na mfuko wa sarafu alikwenda kwa mfanyabiashara wa Kihindi, akamkabidhi fedha, akaandikiwa hundi. Karatasi ile ikifika Bombay, ndugu au mshirika wa mwandishi alilipa. Sarafu hazikuvuka bahari. Lililovuka ni deni. Hawala ya Waarabu na Wasomali hufanya kazi kwa mantiki hiyohiyo, na haijafa.

Mwaka 1888 kampuni ya Sir William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipewa hati na Malkia wa Uingereza. Moja ya mambo yake ya mwanzo lilikuwa kujifulia sarafu. Zilitengenezwa Birmingham, rupia za fedha na pesa za shaba, zikiwa na jina la kampuni na jina la Mombasa. Kwenye pesa ya shaba palichorwa mizani. Wanaodhani kwamba kampuni ya biashara kumiliki pesa za watu ni jambo la karne ya simu wangeitazama sarafu hiyo. Mwaka 1890 waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliifikia Mombasa kutoka Zanzibar, ambayo tayari ilikuwa imeunganishwa na Aden. Bei ya pembe iliyohitaji msimu mzima kujulikana sasa ilijulikana kwa saa. Kampuni yenyewe haikudumu: ilielemewa na gharama, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi.

Benki zilifuata. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kuelekea bara. Standard Bank of South Africa ikaja mwaka 1911. Zilileta jibu safi la swali la zamani. Msafirishaji alikabidhi hati ya shehena kwa benki yake. Mnunuzi wa ng'ambo alilipa kwa benki ya upande wake ndipo akapewa hati. Bila hati bandari haikumpa mzigo. Hakuna aliyetangulia, kwa sababu mtu wa tatu alishika vyote viwili.

Tatizo ni kwamba jibu hilo halikuwa la kila mtu. Benki ilimtambua mwenye shehena, ghala na ankara zilizoandikwa Kiingereza. Mchuuzi wa Marikiti hakuwa na hata kimoja. Alimtegemea tajiri, na tajiri mkubwa kuliko wote wa zama zile alikuwa Allidina Visram, aliyekufa mwaka 1916 na ambaye jina lake limebaki kwenye shule maarufu ya sekondari mjini Mombasa. Maduka yake yalifuata reli hadi Uganda. Wenye maduka madogo walichukua bidhaa kwa mkopo, wakauza, wakarudisha. Ilikuwa mali kauli ya mababu, ila safari hii nyuma yake palikuwa na benki na treni.

Kisha ikaja fujo ya sarafu. Rupia ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha bei ya fedha ilikuwa juu na rupia ikapanda nayo. Mwezi wa Desemba 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye makao London. Mwaka 1920 thamani ya rupia ikafungwa kwenye shilingi 2. Ikaletwa florini iliyodumu kidogo sana. Ndipo shilingi ya Afrika Mashariki ikashika mahali pake. Katika muda usiozidi miaka mitatu, aliyekopesha kwa sarafu moja aliweza kulipwa kwa nyingine. Wenye karani walijua kujikinga. Wauza nazi hawakuwa na karani.

Hatua chache kutoka Marikiti, Mtaa wa Biashara ulikuwa na utaratibu wake. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ilibuni leso hapa na kuzichapisha ng'ambo. Oda ilichukua miezi. Hasara ya mzigo kuchelewa, au ya michoro kupitwa na wakati kabla meli haijafika, aliibeba tajiri, na ndiyo maana akawa tajiri. Mwanamke aliyezungusha leso nyumba kwa nyumba, Kibokoni hadi Makadara, alichukua doti chache na kuzilipia zikishauzika. Mteja wake naye alilipa kidogo kidogo. Mnyororo mzima, kutoka kiwandani hadi kiunoni mwa bibi arusi, ulishikwa na kuaminiana.

Posta ilisaidia upande mmoja. Hawala ya posta ilinunuliwa kaunta, ikatiwa ndani ya bahasha, ikalipwa mji mwingine. Pesa zilifika, polepole. Lakini posta haikujua kama viatu vilivyoagizwa vimetumwa, wala haikuwa kazi yake kujua. Tena barua za Kenya ziliishia kwenye sanduku la posta, hazikufika mlangoni. Jambo hilo dogo lilikuja kuwatoa jasho wenye maduka ya mtandaoni miaka mingi baadaye.

Wakati huohuo mnada wa kimataifa ulikuwa umehamia kisiwani. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwezi wa Novemba 1956, na mwaka 1969 ukaletwa Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini. Ofisi zake ziko Nyerere Avenue, chini ya chama cha wafanyabiashara wa chai kijulikanacho kama EATTA. Hapa huuzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za jirani. Mnada wa London, uliokuwa na historia tangu mwaka 1679, ulipofungwa Juni 1998, Mombasa ilibaki miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya chai nyeusi duniani.

Mnada huu unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake kuna dawa yote ya ugonjwa wa "tangulia wewe". Kiwanda kinaleta chai katika ghala la Mombasa. Dalali anaionja, anaiandika katika orodha, anawapelekea wanunuzi sampuli. Siku ya mnada dau hutolewa kwa dola za Marekani, utaratibu ulioanza mwaka 1992. Mshindi ana siku maalum za kulipa, na chai haitoki ghalani kabla hajalipa. Dalali hukata chake na kumpelekea mzalishaji kilichobaki. Mnunuzi wa Karachi au Cairo hamjui mkulima wa Kericho, na hahitaji kumjua. Ameonja, na ghala limemshikia.

Kwa nusu karne kazi hii ilifanywa kwa sauti na nyundo. Mwaka 2020 Covid iliwatawanya madalali na wanunuzi, na mnada ukahamia kwenye skrini kwa mfumo wa kielektroniki uliokuwa ukitayarishwa kwa msaada wa TradeMark East Africa. Mombasa ikawa na mnada wa mtandaoni wa kweli, wa mali halisi na fedha nyingi. Mkulima mdogo hakusogea karibu nao. Wakulima zaidi ya 600,000 wanaouza kupitia shirika la chai la KTDA hawaingii kwenye skrini ile, wanawakilishwa. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya KTDA ili kuwalinda. Wanunuzi walijibu kwa kunyamaza, na chai nyingi ikarundikana ghalani. Skrini ilibadili namna ya kutoa dau. Haikumlazimisha mtu kununua.

Mnada mwingine wa mtandaoni, ule ulioitikisa dunia, ulianzia nyumbani kwa mtu mmoja huko San Jose, California, Septemba 1995. Pierre Omidyar aliuita AuctionWeb, baadaye ukawa eBay. Kitu kinachokumbukwa kuwa cha kwanza kuuzwa ni kalamu ya miale ya leza, tena mbovu, kwa dola 14.83. Omidyar alikutana na swali la nahodha: watu wasiojuana wataaminianaje? Mwaka 1996 akaweka utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kutoleana maoni hadharani. Mtu wa Mji wa Kale angeutambua mara moja: jina la mtu likawekwa barazani.

Malipo yalichelewa. Miaka ya mwanzo Wamarekani walitumiana hundi kwa posta na kungoja. Kampuni ya Confinity, iliyoanzishwa Desemba 1998 na Max Levchin, Peter Thiel na Luke Nosek, ndiyo iliyozaa PayPal, na mwaka 2002 eBay ikainunua kwa dola bilioni 1.5. China nako, soko la Taobao lilipata Alipay, iliyoshika pesa ya mnunuzi mpaka akiri kwamba mzigo umefika. Alipay ilimchukua dalali wa kale ikamtia ndani ya kompyuta.

Kwa nini hayo yote hayakuvuka hadi Marikiti? Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na nzito. Kadi za benki zilikuwa za wachache. Mlango hauna nambari, na mteja anaelekezwa kwa msikiti, mnazi na duka la Mpemba. eBay haikufungua tovuti ya Kenya. Muuzaji wa vinyago au vikapu aliyetaka kuuza huko alihitaji kompyuta, akaunti ya benki inayokubalika, na mzigo utakaolipiwa posta zaidi ya bei ya bidhaa.

Basi jibu lilitoka upande mwingine. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Kutuma pesa kwa mtu aliyejiandikisha kuligharimu shilingi 30, na kikomo kilikuwa shilingi 35,000 kwa mara moja. Haikutengenezwa kwa ajili ya biashara. Tangazo lake lilihimiza watu kutuma pesa nyumbani. Wachuuzi ndio walioigeuza. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, na Desemba 2008 serikali ikaamuru ikaguliwe, wakati mabenki yakinung'unika. Ilipita. Jambo moja huwashangaza wengi: hadi Aprili 2015 kompyuta kuu za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mtu akimlipa muuza maembe wa Marikiti, umbali wa kunyoosha mkono, hesabu ilikwenda Ulaya na kurudi.

Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, iliyompa mwenye duka nambari yake ya biashara. Hukatwa karibu nusu shilingi kwa kila shilingi mia.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na haizungumzwi vya kutosha. PayPal na M-Pesa zote hubeba pesa, lakini zinamtwisha hasara mtu tofauti. PayPal humtazama mnunuzi. Mnunuzi ana siku 180 za kulalamika kwamba kitu hakikufika au hakifanani na maelezo, na muuzaji mgeni anaweza kuzuiliwa pesa zake hadi siku 21. Kwa muuzaji mwenye mtaji wa magunia mawili ya mabuyu, siku 21 ni kufunga duka. M-Pesa ilianza upande wa pili kabisa: pesa ikishaingia imeingia. Muuzaji analala usingizi, mnunuzi ndiye anayekesha akingoja basi.

Bila shaka wajanja waliuona mlango wa nyuma. Mtumaji aliyekosea nambari anaruhusiwa kuomba pesa irudishwe kwa kupeleka ujumbe kwa 456. Wako walionunua, wakapokea mzigo, kisha wakadai wamekosea. Wengine walituma ujumbe wa kughushi unaofanana na wa M-Pesa. Ndipo ikaja huduma ya Pochi la Biashara kwa wachuuzi, na mojawapo ya mvuto wake ni kwamba mteja hawezi kuirudisha pesa bila muuzaji kukubali. Muuzaji wa Marikiti siku hizi haamini ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Anangoja wake ulie.

Nyaya za bahari zilifika mwaka 2009, na zilipita Mombasa. TEAMS ilitoka Fujairah ikatia mguu nchi kavu Juni. SEACOM ikawashwa Julai. EASSy ikafuata mwaka 2010. Mji ulioupokea waya wa telegrafu miaka 119 kabla ulipokea intaneti ya mwanga kwa njia ileile ya maji. Yakafuata masoko ya mtandaoni. OLX iliwafundisha Wakenya kupiga picha sofa kuukuu, na mwaka 2019 biashara yake hapa ikanunuliwa na Jiji. Jumia na Kilimall zilikubali mteja alipe akipokea. Safaricom nayo ilifungua Masoko mwaka 2017, na pamoja na nguvu zote za mwenyewe, soko hilo halikutamba kama M-Pesa.

Wauzaji wadogo wa Mji wa Kale walipita pembeni ya yote. Mabuyu, achari, madera, mabuibui, leso na pilau masala vilihamia Instagram na WhatsApp. Bei hutolewa kwa kuulizana, jambo linalowakera wageni na ambalo mtu wa pwani haoni ubaya wake, maana bei ni mazungumzo. Mteja wa Nairobi hulipa kwa M-Pesa, mzigo hupelekwa kwenye kaunta ya basi la usiku, na picha ya risiti ya kampuni ya basi hutumwa kwa WhatsApp. Picha hiyo ndiyo hati ya shehena ya muuzaji mdogo. Ina jina, nambari na saa ya kuondoka, na mteja hakabidhiwi parseli bila kitambulisho. Wasiojuana wanakubaliana nusu sasa, nusu mzigo ukipakiwa. Arubuni imerudi, ingawa wengi huiita diposti.

Kwa mteja wa ng'ambo daraja lilijengwa kwa vipande. Mwaka 2013 benki ya Equity ilitangaza ushirikiano na PayPal ili Wakenya waweze kutoa pesa zao. Aprili 2018 PayPal na M-Pesa zikaunganishwa kupitia kampuni ya TransferTo, na dola iliyolipwa Minneapolis ikaweza kuishia kwenye simu ya Kibokoni. Lakini kila kiungo kinakula: ada ya kupokea, kiwango cha kubadilisha fedha kinachopangwa na kampuni, ada ya kutoa kwa wakala. Mwaka 2021 soko la kazi za mikono la Etsy likaacha kupokea maduka mapya kutoka nchi zisizokuwamo katika mfumo wake wa malipo, na Kenya haikuwamo. Fundi wa viatu vya shanga anaweza kuwa na mteja, bidhaa na intaneti ya kasi, na bado akazuiwa mlangoni kwa sababu ya orodha ya nchi.

Wengi wa wateja hao ni ndugu na majirani wa zamani, kwa hiyo njia ya zamani bado ina kazi: pesa zinapita kwa jamaa, au kwa kampuni ya hawala. Udhaifu wake ulionekana Aprili 2015. Siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, nyingi zikiwa za Wasomali. Familia na maduka yaliyozitegemea yalikatiwa njia kwa usiku mmoja. Leseni zikarudishwa mwezi wa Juni. Mfano huo wausome pia wanaosema kwamba M-Pesa imelimaliza suala la malipo. Njia moja ikiwa nene kupita zote, siku ikizibwa hakuna pa kupita.

Serikali nayo iliona pale pesa zinapopita. Ushuru juu ya ada za kutuma pesa kwa simu ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 10, ukawa 12 mwaka 2018, ukawa 15 mwaka 2023. Kipindi kimoja cha nafuu kilikuwa cha Covid: kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule, kutuma shilingi 1,000 au chini yake hakukuwa na ada yoyote, na wachuuzi waligundua ni kiasi gani kilikuwa kikivuja kila siku.

Dalali wa samaki alikata chake hadharani, mbele ya watu, na aliyemwona ghali alimwendea mwenzake. Makato ya leo yamegawanywa kati ya kampuni ya simu, benki, mtandao wa malipo na hazina ya serikali, na muuza iliki hana wa kupatana naye. Katika hesabu hiyo yeye ni mnyonge kuliko babu yake aliyechukua mali kauli, hata kama pesa zinamfikia kwa sekunde. Kinachokosekana ni mtu wa kati wa kiwango chake: huduma ya bei nafuu, katika simu hiyohiyo, itakayoishika shilingi 800 ya mabuyu mpaka basi lifike Nairobi, kama ghala la Kilindini linavyoishika chai. Benki Kuu na kampuni za simu zina uwezo wa kuianzisha, na zinapaswa kuulizwa kwa nini chai ina ulinzi ambao mabuyu hayana.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru ule wa ada za kutuma pesa kwa simu upandishwe hadi asilimia 20. Maandamano ya vijana ya mwezi wa Juni, Mombasa ikiwemo, yakafanya mswada mzima uondolewe, na ushuru ukabaki asilimia 15.